Kuliomba Shamba kwa Upole

Mume wangu aliamini kwamba lile shamba la kahawa, kati ya Ruiru na Thika, siku moja lingekuwa letu sisi vibarua tuliochuma kahawa yake, bila tone la damu kumwagika. Wasomi wa siku hizi wanaiita imani hiyo ujamaa. Yeye hakuwa na jina lake. Alisema kama wanawake tunalimiana kwa ngwatio, leo kwangu kesho kwako, basi hata kahawa inaweza kulimwa hivyo. Tuanze na kamati ya posho, kisha duka, kisha mashine ya kahawa. Haba na haba hujaza kibaba.

"Ati mzungu akupe shamba kwa sababu umemwomba vizuri?" mdogo wake alimcheka. "Hiyo kitu inachukuliwa na panga, mkubwa."

Walibishana hivyo kila jioni kwenye moto wangu, chakula kikipoa, nami nikawachukia kwa zamu. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni na waliowalia kiapo. Hata ngwatio ilikuwa imekatazwa, maana wanawake wakikusanyika na majembe, askari waliuliza tunakula kiapo gani.

Kisha meneja, yule mzungu wa shamba, akakubali kuisikiliza kamati ya mume wangu. Aliwaomba tu kila msemaji asimame, ili amfahamu. Mume wangu alirudi uso unang'aa.

"Sasa anatujua mmoja mmoja," aliniambia.

Sikulala vizuri.

Kesho yake lori likaja. Tulipangwa uwanjani mbele ya gakunia, mtu wa kuwaonyesha askari wala kiapo, aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Akiinamisha kichwa, wewe umekwisha. Shemeji yangu, na mapanga yake yote ya mdomoni, alipita salama. Mume wangu alipofika, gunia likainama. Likainama kwa wanakamati wenzake pia, wote.

"Wacha nitaongea nao," aliniambia akipandishwa lorini. "Wataelewa."

"Si nilimwambia?" shemeji akaninong'oneza.

Nilitaka kumzaba kofi. Alikuwa amesema kweli, na bado alikuwa amesimama pale, mzima, mikono mitupu.

Meneja akaja mbele, na upole wake uleule, akauliza ni nani sasa atawasemea watu wa nyumba zetu. Wanaume wakatazama chini. Nikainua mkono. Mpaka leo sijui kama niliuinua kwa imani ya mume wangu au kwa hasira ya shemeji. Gunia likanigeukia.