Jinsi Wifi Yangu Alivyojifunza Kudaiwa

Simu ya wifi yangu Josephina ilitumbukia chooni wiki ya tatu baada ya kumzika mume wake, Petro, ambaye ni kaka yangu. Kwenye laini ya simu hiyo kulikuwa na mkopo wa shilingi elfu ishirini, ile mikopo ya kubonyeza namba na pesa ikaingia papo hapo. Josephina aliinama, akasikiliza shimoni, akasema, "Basi. Imekwenda na deni lake." Akanunua laini mpya, na kwa miaka mitatu hakuliwaza tena jambo hilo. Simlaumu. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya choo na kopo la maji, na niliamini vilevile.

Alikuja kukumbushwa siku tulipokwenda Newala mjini kuomba mkopo wa kisima.

Sisi wa Kitangari tunakaa juu na maji yako chini. Bomba likitoa wiki hii, wiki ijayo linakoroma tu. Josephina ana miaka hamsini na miwili na goti la kulia bovu, na kila kiangazi huteremka bondeni na ndoo, kisha hupanda akipumzika mara nne. Siku akiwa na pesa hununua dumu kwa wenye pikipiki. Wakati huohuo nyumba yake ina mabati mazuri aliyoezeka marehemu, na mvua ikinyesha maji yote hayo yanakwenda kuchimba makorongo kwa jirani. Alichotaka ni kisima cha sementi cha kuyapokea, kichimbwe kabla ya mvua za Desemba. Fundi Filemoni alipiga hesabu ikafika milioni moja na laki nane.

Kwenye ile ofisi ya mikopo tulipokewa na kijana mpole wa Masasi aitwaye Abdulatifu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaandika jina la wifi kwenye kompyuta, akatutazama kwa huruma. "Mama Josephina, unaonekana una deni lililochacha. Elfu ishirini."

"Ile simu iko chooni," alisema Josephina.

"Simu iko chooni, jina liko hapa."

Alilipa siku ileile, na nyongeza yake. Lakini Abdulatifu alisema kulipa hakufuti kumbukumbu mara moja. Wakopeshaji wote wakiuliza wataona bado alikuwa mtu wa kukimbia. Dawa yake ilikuwa kadi ya dhamana. Aweke laki nne, ofisi izifungie, kisha apewe kadi ya kukopa isiyozidi laki nne. Akinunua kwa kadi na kulipa vizuri kwa miezi kadhaa, jina litapona.

Josephina alikuwa na laki tano za korosho alizozifunga kwenye kanga. Alifikiri kidogo. "Yaani nawapa laki nne zangu, mnanikopesha laki nne zangu, halafu nawarudishia laki nne zangu?"

"Ndiyo mama."

"Na ninyi mnafanya nini?"

"Tunaangalia."

"Kwa bure?"

"Hapana. Kuna ada ya kadi, elfu ishirini kwa mwaka."

Mimi nikamwuliza kama wanayoyaona wanayapeleka kule kwenye kumbukumbu za wakopaji wote. Kuangaliwa na mtu asiyesema kitu ni kupoteza muda. Akasema wanapeleka kila tarehe ishirini ya mwezi. Akatuonya tusitumie zaidi ya laki moja na ishirini kwa mara moja, kwa sababu anayeimaliza kadi yote anaonekana ana njaa. Na tarehe kumi ya mwezi unaofuata isipite bila kulipa. Yote hayo tuliyashika. Tulichokosea hakukisema, kwa kuwa yeye hakuweza hata kukifikiria.

Kwetu, ukiazima bakuli la mtu huliachi likarudi hivihivi. Unatia karanga, unatia mbaazi, hata limao moja. Josephina ndivyo alivyolelewa, nami pia. Mwezi Juni alinunua unga wa ngano na sukari ya maandazi yake kwenye duka la Bwanali pale Newala, elfu thelathini kwa kadi. Jioni yake, kabla hata mfuko wa unga haujafunguliwa, alituma ofisini kwa simu elfu arobaini.

"Umezidisha," nikamwambia.

"Nimeweka na kitu ndani."

Mwezi Julai akanunua tena elfu thelathini, akatuma hamsini. Agosti vilevile. Kila mwezi pia tulimpelekea Abdulatifu mihogo au papai, naye alipokea akitazama mlango, labda akiogopa mkubwa wake atadhani ni hongo. Josephina alipita barabarani amenyoosha shingo. Alimwambia kila mtu kwamba hapa Kitangari nzima hakuna anayelipa kama yeye. Filemoni akaja akapima eneo la kisima na kupigilia vigingi vinne.

Septemba tulikwenda kuchukua mkopo wetu. Wifi alivaa kitenge cha Pasaka. Abdulatifu akafungua kompyuta, akasogeza uso karibu, akafunga, akafungua tena.

"Mama, hakuna kitu hapa."

"Deni hakuna, najua."

"Na malipo hayapo. Kila tarehe ishirini ikifika, kadi yako haina deni, inaandikwa sifuri. Mwezi uliopita hata hukukopa, ulikuwa unatumia ile ziada yako uliyotuachia. Mfumo hauoni ukilipa, kwa sababu hauoni ukidaiwa."

Josephina akamwinamia mezani. "Nimeadhibiwa kwa kulipa?"

"Hujaadhibiwa mama. Hujaonekana."

"Na zile ziada zangu?"

"Ada ya mwaka imekatwa humo, na zingine nitakurudishia leo. Sasa fanya hivi. Nunua vitu vya elfu thelathini, halafu usilipe. Subiri tarehe ishirini ipite, deni lionekane. Ndipo ulipe lilelile, bila kuongeza hata shilingi, kabla ya tarehe kumi. Mara tatu."

"Nikae wiki mbili, tatu, na deni la mtu, na pesa ya kulipia ninayo?"

"Siyo la mtu. Zile laki nne ni zako."

"Basi ninajidai mwenyewe," alisema Josephina, "na ninajiogopa mwenyewe."

Tukanunua unga. Nimezaa watoto watano na nimeuguza wawili mpaka wakapona, lakini sijapata kulinda kitu kama nilivyomlinda wifi wiki zile. Alivimba macho kwa kukosa usingizi. Akawa anazunguka nyuma ya msikiti ili asikutane na Bwanali anapokuja Kitangari kununua korosho, ingawa Bwanali alikwishalipwa na ofisi siku ileile. Bwanali akashangaa, akaniuliza, "Mama Dorika, wifi yako nimemkosea nini?"

Siku ya tatu nilimkuta mlangoni kwa wakala wa pesa, amejifunika kanga mpaka puani.

"Wifi, unafanya nini hapa?"

"Nalipa elfu tano tu. Hawataona."

"Hawataona ndiyo shida yenyewe! Toka hapo."

"Wewe umezoea kudaiwa, ndiyo maana huoni uchungu."

"Na wewe umezoea kudondosha madeni chooni!"

Wakala alicheka mpaka akakosea kuhesabu pesa za mteja mwingine. Nikamnyang'anya wifi simu, nikaifungia kwenye ndoo yangu ya unga wa muhogo. Wanawe wakipiga, alikuja mbio kwangu akaongea huku anapiga chafya.

Sasa wasiwasi ukahamia kwangu. Nilipokwisha kumzuia asilipe mapema, nikaanza kuota kwamba tumechelewa. Niliuliza tarehe kwa kila mpita njia. Padri alinijibu kwa upole mara mbili, mara ya tatu akaniuliza kama ninaumwa. Tarehe ishirini ilipita, tukalipa tarehe ishirini na moja saa mbili asubuhi, elfu thelathini kamili. Josephina alishika simu kwa mikono miwili. Alisema anaona aibu, ni kama kurudisha bakuli halijaoshwa.

Oktoba ikaenda hivyo. Novemba ndiyo ilitutoa jasho. Tulikuwa kwenye kuokota korosho, wifi akasema, "Kwa kuwa nimejifunza kudaiwa, ngoja nidaiwe vizuri." Asilipe tarehe ishirini na moja, avute mpaka mwisho, wamwone ana moyo mgumu. Nikakubali, na hilo ni kosa langu. Desemba nane mvua ya kwanza ikaja na upepo, mtandao ukakatika. Tarehe tisa ilikuwa sikukuu ya Uhuru na mtandao haukurudi. Tarehe kumi alfajiri tulipanda bodaboda moja, sisi wawili na dereva, kwenye matope, Josephina amebana elfu thelathini kwenye sidiria. Tulianguka mara moja, taratibu tu. Aliinuka akishika kifua, nikadhani ameumia. Alikuwa anahesabu noti.

Abdulatifu alituona mlangoni tumepakwa udongo mwekundu toka kichwani.

"Jamani, mama zangu! Mngenipigia simu tu."

"Kwa mtandao gani?" nikamwuliza.

Akapokea zile noti, zilikuwa na joto, akampa risiti. Akatuambia tukae, akaandika muda mrefu. Kisha akasema miezi mitatu inaonekana, ombi limepita, ila si milioni moja na laki nane. Milioni moja na laki mbili. Na laki nne zake zitabaki kifungoni mpaka mkopo uishe.

Josephina alinitazama. Kisima cha Filemoni kingepungua theluthi. Nje mvua ilikuwa inapiga bati la ofisi, na wote wawili tulijua maji ya nyumbani kwake saa hiyo yalikuwa wapi.

"Andika," akasema. "Tutachimba kifupi."

Walimaliza kusakafia Februari. Mvua zilizobaki zilikuwa chache, mfereji mmoja ulivuja, na mpaka Aprili inaisha maji yalifika kiunoni kwa mtu mzima. Filemoni alikadiria yatamfikisha Agosti, halafu bondeni tena mpaka msimu ujao. Kila tarehe tano analipa mkopo, kamili. Jana nilimkuta ameinua mfuniko, ameketi pembeni na lile goti lake amelinyoosha. Nikamwuliza anaangalia nini.

"Hayapungui," akasema. "Tangu asubuhi niko hapa, hayajapungua."

Nikavuta kigoda nikaketi, na mimi nikaangalia.