Kibao cha Lodi Ashlewick

Hedley Garbutt aliuza nyama katika mji wetu wa Wexby miaka thelathini na minane. Tangu utotoni babu yake alimwambia kwamba binamu yao wa mbali, Lodi Ashlewick, akifa bila mtoto wa kiume, cheo chake cha ulodi hatimaye kitamfikia yeye, mzaliwa wa kwanza, na si mdogo wake Clement. Shamba na jumba vilikwisha kuuzwa zamani. Lilibaki jina tu, na Hedley alilitaka jina hilo kuliko alivyowahi kukiri.

Lodi alikufa Februari. Kabla hata ya kuiandikia ofisi ya vyeo London, Hedley akamwita mpaka rangi, na juu ya mlango wa bucha kikatokea kibao kwa herufi za dhahabu: Lodi Ashlewick, Nyama Bora.

"Lodi, nikatie soseji sita," wateja walimtania.

"Na uiname kwanza," alijibu, akifurahi.

Mama yake, Winifred, mwenye miaka themanini na miwili, alipita chini ya kibao kila asubuhi ameinamisha kichwa.

Kisha London wakataka cheti cha ndoa ya wazazi wake. Mama akakitoa katika kopo la biskuti, akamkabidhi bila kumtazama. Ndoa: Juni 1958. Hedley alizaliwa Machi mwaka huohuo. Na sheria ya vyeo ni ngumu: aliyezaliwa kabla ya ndoa harithi, hata wazazi wakioana baadaye.

"Miezi mitatu tu, mama," alisema. "Mlishindwa nini kungoja?"

Alipolisikia neno lake mwenyewe alitamani kulirudisha kinywani.

"Baba yako alikuwa jeshini Cyprus," mama akasema polepole. "Siku ya harusi ulilia kanisani. Kasisi akauliza huyu ni wa nani. Nikasema wa dada yangu." Akafunga kopo. "Mpe Clement hicho cheti. Mimi nimekificha vya kutosha."

Hedley alikikunja cheti. Alikumbuka keki ya miaka hamsini ya ndoa, waliyoikata, kumbe, mwaka mmoja kabla ya wakati ili tarehe ya kweli isijulikane, na yeye ndiye aliyeshika kisu.

Alimpelekea Clement cheti siku hiyohiyo. Siku ya soko akapanda ngazi na bisibisi mkononi, watu wakitazama.

"Umeshuka cheo, Lodi?" muuza jibini akauliza.

"Cheo ni cha Clement," Hedley akajibu kwa sauti ya kusikika na wote. "Mimi nilihudhuria harusi ya wazazi wangu."

Kicheko kikapita sokoni. Yeye hakucheka. Chini, mama yake alikuwa ameishikilia ngazi kwa mikono yote miwili, kana kwamba uzito ule angeuweza. Hedley akafungua skrubu ya mwisho, akabaki juu na kibao kifuani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana akishuka ingembidi amtazame usoni.

"Shuka, mwanangu," mama akasema, watu wote wakisikia. "Nimekushikia."