Fundi wa Friji Aliyehamia Baridini

Ilikuwa mwaka ule msitu wa mlimani ulipoungua. Hapana, nakosea. Moto ulikuwa mwaka uliofuata, maana nakumbuka moshi ulipotanda, kile chumba cha uani kwangu kilikuwa kitupu tayari, na kamba ya kuanikia soksi ilikuwa bado inaning'inia. Basi ni mwaka uliotangulia moto, mwaka ambao hoteli kubwa ilibadilisha mabati. Tuseme hivyo.

Mimi ni fundi viatu. Viatu vyenyewe ni buti za watu wanaopanda mlima, kwa maana mji wetu hauna kitu kingine. Kuna mlima, kuna ziwa dogo chini yake, na kuna njia za baiskeli zinazozunguka msituni bila kufika popote. Wageni wana nyumba zao nzuri huko watokako, lakini wanakuja kulipa ili walale ndani ya hema juu ya mawe. Sisi tumezoea, hatucheki tena. Mtu akipita na gari atasema hapa pana neema: hewa safi, maji baridi, watoto wana mashavu. Kazi ndiyo hakuna. Kuna lango la mlima, hiyo hoteli kubwa, na nyumba tatu za wageni. Kila nafasi humo ina mwenyewe, na mwenyewe ana mdogo wake anayesubiri, na huyo mdogo wake ana shemeji.

Kwenye mji kama huo akahamia fundi wa friji.

Alishuka kwenye lori la viazi lililokuwa linarudi tupu kutoka bondeni. Alikuwa na godoro, mke, binti wa miaka minne, mtoto mchanga mgongoni kwa mama yake, na sanduku la vyuma ambalo hakutaka mtu mwingine alibebe. Alisoma kibao changu cha chumba cha kupangisha, akaja. Nikamuuliza anafanya kazi gani. Aliponijibu nikadhani ananitania.

"Mwanangu, huku maziwa tunaweka dirishani," nikamwambia. "Friji la nini?"

"Najua, Mzee. Sikuja kwa ajili ya friji."

Akamsogeza yule binti. Akaniambia nitege sikio. Sikuhitaji hata kuinama. Kifua cha mtoto kilikuwa kinapiga mluzi, mluzi mwembamba, kama birika linaloanza kuchemka. Walikotoka ni mji wa joto, chumba chao kilikuwa nyuma ya kiwanda cha saruji, na vumbi lilikuwa linaingia hadi ndani ya chandarua. Kazi huko ilikuwa tele, friji za watu hazipumziki. Lakini daktari alikuwa amewaambia bila kuzungusha maneno: hamisheni mtoto, au jiandaeni kumzika. Wakachagua mlima kwenye picha ya kalenda.

Sasa niseme kuhusu benchi. Ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda changu, kuna benchi refu la ubao ambapo wapagazi wasio na mizigo hukaa tangu asubuhi. Mkubwa wao tulimwita Mwenyekiti, kwa sababu yeye peke yake alikuwa na kiti. Siku ya kwanza tu wakampa baba jina la Barafu, na mtoto wakamwita Filimbi.

"Mtoto wangu ana jina lake," mama yake akawaambia.

"Analo, mama," Mwenyekiti akajibu. "Ndilo hilo tumempa."

Benchi likaangua kicheko. Mimi nami nilitabasamu, sitaki kudanganya.

Wiki ya pili mluzi ukapungua. Wiki ya nne ukakata kabisa. Mtoto alianza kukimbia, kitu ambacho mama yake hakuwa amekiona, akawa anamfuata nyuma huku akilia, "Polepole! Polepole!" kwa mazoea tu. Nilimtengenezea viatu vyekundu kwa vipande vya ngozi vilivyobaki kwenye buti za bibi mmoja mgeni. Alikuwa akija navyo kibandani, ananionyesha anavyoruka kutoka ngazi ya pili. Kisha akaruka kutoka ya tatu.

Kazi sasa. Baba alizunguka kila mlango. Langoni wakamwambia nafasi zimejaa. Kwenye nyumba za wageni wakamcheka. Mke wake alipata kibarua cha kufua soksi za wapanda mlima, soksi zenye tope ambazo ukizianika hata moja haina mwenzake. Ndicho kilichowalisha, na hakikuwatosha. Hoteli kubwa peke yake ilikuwa na chumba cha baridi cha kuhifadhia nyama, mashine ya zamani, na meneja akamwambia, "Ikiharibika tutakutafuta. Ukiitengeneza, nakuajiri moja kwa moja, maana nimechoka kuita mafundi kutoka mbali."

Basi yule bwana akawa na tabia moja. Asubuhi anaweka sikio kifuani kwa mtoto. Halafu anateremka hadi nyuma ya jiko la hoteli, anaweka sikio ukutani, anasikiliza mashine. Anarudi kwangu kutoa ripoti.

"Mtoto yuko safi, Mzee. Ila ile kompresa inakohoa. Kapasita yake inakufa. Haimalizi mwezi."

Tena alikuwa amekwisha kuitafuta hiyo kapasita, kidude kama kopo dogo la dawa kinachoisaidia mashine kuwaka. Aliiagiza kwa yule dereva wa lori la viazi, akaifunga kwenye kitambaa ndani ya sanduku lake. Mwezi mmoja tu, alikuwa akimwambia mke wake. Vumilia mwezi mmoja tu, mama, hatutarudi kule.

Hapo ndipo benchi lilipoamua kumpandisha.

Kumpandisha mgeni ni mchezo wa zamani hapa kwetu. Mtu akija kutafuta kazi, anatumwa juu mlimani kufuata kitu ambacho hakipo. Mimi nilipandishwa ujanani, nikaambiwa nikachukue funguo za kibanda cha tatu cha kulala wapanda mlima, na kibanda hicho hakina mlango. Ukishuka na hasira, umekwisha, hakuna atakayekugawia hata mzigo wa kuni. Ukishuka unacheka, wanasogea, wanakupa nafasi kwenye benchi, na siku mizigo ikizidi wanakuita kwa jina. Kwa hiyo nilijiambia ni kwa faida yake. Nilijiambia mengi.

Walimwambia kwenye kibanda cha pili, mwendo wa saa sita, kuna friji la dawa za wagonjwa wa mlimani limekufa, na mlinzi anatafuta fundi wa kudumu. Umeme wenyewe haufiki huko. Asubuhi akapita kibandani kwangu na sanduku lote mgongoni, na mtungi mdogo wa gesi ya friji juu yake, amejifunga kamba kama mpagazi. Nilikuwa na misumari mdomoni, nagongea kisigino.

"Mzee," akaniuliza, "ni kweli kule juu kuna friji?"

Misumari mdomoni ni kisingizio kizuri. Nilitikisa kichwa namna ambayo mtu anaweza kuisoma anavyotaka, nikaendelea kugonga. Akakitazama kile kisigino. Akaniaga, akaenda. Nilipotema ile misumari, ng'ambo kule walikuwa wanashikana mabega kwa kucheka.

Saa nne gari la hoteli likaja linapiga honi. Dereva akateremka mbio. "Fundi wa friji anakaa hapa? Chumba cha baridi kimezima, wageni themanini, nyama imeanza kutoa maji!"

Mke wake alitoka uani mikono imejaa povu. Uso wake ulivyong'aa siwezi kuusahau. Akanigeukia. "Baba, mume wangu amesema anapanda kibanda gani?"

"Cha pili," nikasema.

"Kuna nini huko?"

Benchi likajibu kwa niaba yangu, maana mmoja wao hakuweza kujizuia, akapasuka kicheko. Nikaona mama yule anaelewa. Hakutukana. Alivuka barabara, akapiga magoti mbele ya Mwenyekiti, mavumbini, na mtoto mchanga mgongoni.

"Kaka yangu, nisaidie. Tuma mtu amkimbilie. Simu haishiki kule. Ana saa tatu tu njiani, mwenye miguu atamfikia."

Kijana mmoja wa pale tulimwita Paa kwa mbio zake, na angeweza. Alikuwa ameanza hata kufunga kamba za viatu. Mwenyekiti akamtazama.

"Paa, unakwenda kumletea mtu kazi? Wewe una kazi?"

"Sina."

"Basi kaa."

Paa akakaa. Mwenyekiti akamwambia yule mama kwa upole kabisa, kama anayemshauri, "Inuka, dada. Utachafua nguo, na wewe ndiye unayefua."

Wakacheka tena, lakini kidogo.

Mimi nilivua aproni, nikaenda. Magoti yangu yalinifikisha langoni, nikakaa kwenye jiwe, nikarudi. Sina cha kuongeza hapo.

Meneja alipiga simu mbali. Saa kumi jioni akafika fundi mwingine, kijana asiye na mke, amefunga baiskeli juu ya gari. Akafungua mashine, akaona kapasita imeungua, na yeye hakuwa na mpya. Akaunganisha ya kuokoteza, mashine ikanguruma. Meneja akamuuliza kama angependa kubaki. Kijana akatazama mlima, akatazama zile njia za msituni, akasema amekuwa akiota kuishi mahali pa kuendesha baiskeli namna hii. Wakaandikiana mkataba siku ileile.

Fundi wetu akashuka kesho yake asubuhi. Niseme kitu kimoja: alishuka akicheka. Alikuja mpaka mbele ya benchi, sanduku mgongoni, midomo imepasuka kwa baridi, akasema, "Jamani, friji nimelikuta. Mlima mzima ni friji! Nimelipima, linafanya kazi vizuri sana."

Lilikuwa jibu zuri kuliko yote niliyowahi kusikia pale. Mwenyekiti akasogeza kiti chake, akaangalia chini. Yule bwana akabaki ametabasamu, anangoja kicheko, anatutazama mmoja mmoja. Ndipo mke wake akatoka uani akamwambia.

Mchana wake yule kijana wa baiskeli alikuja mwenyewe, amevua kofia. Aliambiwa kuna mtu ana kapasita mpya. Ile ya kuokoteza ilikuwa inachemka, isingefika jioni.

"Usimpe," mke akasema. "Wacha ioze nyama yao yote. Usimpe, nakuomba."

Mume akafungua sanduku, akafungua kitambaa, akampa. Akamwelekeza na namna ya kuifunga ili isitikisike. Kijana alipoondoka, mke alitoa soksi zote kwenye ndoo, akazitupa uani moja moja, kisha akaziokota moja moja.

Benchi lilimpa mizigo baadaye, miwili mitatu. Hakuwa na mabega ya kazi hiyo. Mwezi ule ukaisha, na mwingine, mtoto mchanga akaanza kupungua mwili kwa kuwa maziwa ya mama yake yalikauka. Wakakaa wawili kwenye ngazi yangu, wakapima: huku mmoja anapumua na wote wana njaa, kule watakula. Nilikuwa ndani nawasikia. Walizungumza kama watu wanaochagua kitambaa dukani, taratibu, bila kupandishiana sauti.

Lori la viazi lilipofika nilimsaidia kupandisha godoro. Filimbi alikuwa amekaa juu yake na viatu vyekundu, anaimba. Nikamvuta baba yake kando.

"Mwanangu, siku ile ulipopanda, mimi nilikuwa najua."

"Najua, Mzee. Kisigino ulichokuwa unagonga kilikuwa kimekwisha kugongwa."

"Sasa kama ulijua, kwa nini ulikwenda?"

"Nilisikia anayeshuka akicheka mnamwacha akae."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama mtu anavyomshika baba yake. Akapanda lori.

Yule dereva bado anapita, kila baada ya siku kumi na tano. Safari ya kwanza nilimuuliza, akasema aliwashusha salama. Safari ya pili akasema baba amepata kazi, friji zinamsubiri msururu mzima. Nikafurahi, nikawaambia hadi wale wa benchi. Kisha zikapita safari nyingi bila habari, mvua, moto wa msitu, watalii wakapungua. Mwaka ule wa moto ulipokuwa unakwisha akaniambia amekutana na mama yao pale kiwandani, upande wa ukuta mweupe kwa vumbi la saruji, yuko na mtoto wake, yule aliyekuwa mgongoni, sasa anatembea, mnene, anakula vizuri. Mama alinitumia salamu. Alimpa na kitu aniletee.

Dereva akatoa mfuko kwenye kiti cha mbele, akaniwekea mezani kati ya nyundo na gundi. Vilikuwa ni vile viatu vyekundu. Nilivigeuza nikaangalia soli. Hazikuwa zimelika zaidi ya siku walipoondoka.

"Na yule mkubwa," nikamuuliza, "yule aliyekuwa anaimba, ulimwona?"

Alikuwa amekwisha kurudi kwenye lori, ameinama anagonga tairi kwa fimbo, moja baada ya nyingine, zote sita. Nikamfuata hadi mlangoni. Nikamuuliza tena. Ng'ambo wote walikuwa wamenyamaza, hata Mwenyekiti alikuwa amesimama, kwa hiyo najua walisikia vizuri kabisa nilichouliza:

"Ulimwona?"