Picha Haisafishwi kwa Sabuni

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungiwa gizani. Studio ilikuwa Mpanda mjini, karibu na stesheni ya reli, nami nilivaa gauni la kanisani nikidhani nitakaa mbele kuwapokea wateja na kuwaweka sawa kola. Fundi Mkuu, mzee mwembamba asiyecheka ovyo, akanipeleka chumba cha nyuma na kufunga mlango. "Tulia mpaka giza likuzoee," akasema. Nilikasirika, nusura nirudi kwetu Magamba.

Kisha akawasha taa nyekundu, ambayo haiunguzi karatasi ya picha. Mezani palikuwa na sinia tatu: ya dawa ya kutoa sura, ya maji, na ya dawa ya kukazia, ambayo ukiisahau picha inakuwa nyeusi ikitoka nje. Akatumbukiza karatasi nyeupe, akaitikisa taratibu. Nikaona nywele, halafu macho, halafu mtu mzima ananitazama. Nikapiga ukelele.

"Nyamaza!" akanikemea. "Humu mtu akianza kutoka, tunakaa kimya. Tunampisha apite."

Sheria hiyo niliishika kuliko hata yeye mwenyewe. Na kazi hiyo yote, kwa lugha yetu, iliitwa kusafisha picha. Nyie vijana bado mnalitumia neno hilo mkipeleka picha za simu mjini, ingawa siku hizi hakuna kinacholowa.

Nilipokomaa, Bosi mwenye studio alinituma Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, nyakati za sikukuu na za mauzo ya tumbaku. "Kule wamezoea kupigwa picha za vitambulisho tu," aliniambia. "Wewe wapige wamependeza." Nilizunguka vijiji vyake kwa baiskeli, nikajulikana kwa jina la Mama Picha. Nilikuwa mkali. Asiyenyoosha mgongo sikumpiga.

Bosi alipofunga studio aliniachia enlaja, mashine ya kukuzia picha, nikaanzisha chumba cha giza nyumbani. Nilichukua stoo ya mahindi kwa kuwa haikuwa na dirisha, nyufa za mlango nikaziziba kwa nailoni nyeusi na magunia. Maji ya kisima niliyachuja kwa kitenge, maana chembe ya mchanga huacha kovu kwenye uso wa mteja. Joto la Oktoba huharibu dawa, kwa hiyo chupa niliziweka ndani ya mtungi wa maji. Taa nyekundu ilikuwa tochi niliyoivalisha kioo cha taa ya nyuma ya pikipiki. Mume wangu alisema nimefungua duka la uchawi.

Halafu zikaja simu, filamu zikapotea madukani, na mahindi yakarudi stoo. Nilistaafu bila sherehe wala mkono wa kwaheri. Iliniuma, sitaficha.

Mwaka huu alinijia Mama Odeta kutoka Katumba, kwa bodaboda. Akafungua fundo la kanga akatoa karatasi yenye madoa, haina kitu.

"Mama Picha, we ndo ulimpiga Odeta wangu. Ilikuwa imeshika moshi, nikaiosha na sabuni ya mche. Si nyie mlisema picha mnazisafisha?"

Cheko lilinitoka. Yeye akaipangusa ile karatasi kwa kanga.

"Sura yote imebaki kwenye beseni," akasema. "Mjukuu wangu Neema ana sendofu Jumamosi. Mama yake alikufa akimzaa. Picha nilimficha, nikasema akikua nitampa. Sasa nampa nini?"

Nilisikia aibu ya lile cheko. Negativu, ile filamu yenyewe ambayo picha hutolewa, sikuwahi kuzitupa. Zilikuwa kwenye makopo ya maziwa ya unga, kila kijiji na kopo lake. Odeta nilimpata akiwa amenyooka vizuri. Mume wangu akahamisha mahindi, akinung'unika. Unga wa dawa ulikuwa bado mkavu kwenye pakiti, lakini karatasi zilikuwa zimezeeka. Za kwanza nilizojaribu zilitoka kijivu tupu. Ikabaki moja, ya chini kabisa ya boksi.

Nikamwambia Mama Odeta amlete Neema, nikawaingiza wote wawili. "Humu hakuna kuongea," nikawaonya. Nikaimulika karatasi kwa enlaja, nikaitumbukiza, nikatikisa sinia. Niliogopa kuliko siku yangu ya kwanza.

Zikatoka nywele. Yakatoka macho, kisha mdomo wenye mwanya kama wa Neema, wa msichana mdogo kuliko bibi harusi mwenyewe. Neema akainamia sinia.

"Shikamoo, mama," akasema.

Sikumkemea. Nyuma yangu, gizani, Mama Odeta akaitika kwa niaba ya binti yake.

"Marahaba, mwanangu. Umekua."