Neno Nililolikataa Munuki

Nilikwenda Juba kufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya binafsi, nikapanga chumba kwenye ploti moja ya mtaa wa Munuki. Mlango wa pili kutoka kwangu aliishi fundi cherehani, mama wa makamo aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda na kurudi kwao akiwa mtu mzima. Kiswahili chake kilikuwa cha Uganda, changu cha Kenya. Tulielewana bila taabu.

Alasiri, chumba kikiwa hakikaliki kwa joto, nilitoka na madaftari yangu nikakaa naye chini ya rakuba, kibanda cha nyasi kisicho na kuta alichokuwa akishonea. Wakati huo nilikuwa nawatungia wanafunzi zoezi: nawapa herufi tatu au nne, nao watafute neno la Kiingereza lenye herufi hizo zikifuatana. Siku moja aliniuliza mbona naandika na kufuta, naandika na kufuta. Nilimweleza polepole, kama mtu anayemfafanulia mtoto, nikamsomea herufi zilizokuwa mbele yangu: w, k, w.

"Awkward," alisema, akakata uzi kwa meno. "Toa ingine."

Nikampa g, n, t. Hizo zilikuwa zimenila jioni nzima. Alimaliza mshono wa bega kwanza, kisha akasema, "Sovereignty."

"Umelijuaje hilo, mama?"

"Redio ilikuwa nasema hiyo neno kila siku."

Tukaendelea hivyo kwa miezi. Kuna siku nilimshinda, lakini si nyingi. Maneno yake yalikuwa na jambo moja la ajabu: ya kawaida aliyakosa mara kwa mara, halafu akatoa neno ambalo mimi nilikutana nalo chuoni tu, na karibu kila mara lilianza na herufi kuanzia P kwenda mbele. Sikumuuliza sababu. Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza mwenye cheti, na kuuliza kungekuwa kukiri kitu.

Siku tuliyogombana nilimpa p, h, t, h. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na diphthong, nilikuwa na diphtheria, yaani dondakoo, na nilikuwa na hakika hafiki huko.

"Taisis," alisema.

"Hilo halina hata p."

Alichukua chaki yake ya kupimia nguo akaliandika juu ya kitambaa cheusi kilichokuwa mezani: phthisis.

Nililitazama. Neno la Kiingereza lenye konsonanti nne mwanzoni. Nikamwambia hakuna neno kama hilo.

"Iko," alisema.

"Mama, hii ndiyo kazi yangu. Halipo."

Alikikung'uta kitambaa, chaki ikaruka, akarudi kwenye cherehani. Simu yangu ilikuwa mfukoni na mtandao ulikuwepo. Ningeweza kulitafuta palepale. Sikulitafuta, na nilijua kwa nini.

Kesho yake shuleni nilifungua kamusi kubwa ya ofisini. Lilikuwepo. Ni jina la zamani la kifua kikuu, na hutamkwa vile vile alivyolitamka. Nilifunga kamusi nikaenda darasani. Kwa siku nne nikapita mbele ya rakuba nikitoa salamu tu, naye akaitikia tu, bila chuki yoyote niliyoweza kuiona.

Siku ya tano nilivuta kiti nikakaa.

"Lile neno lipo," nilisema. "Nilikukosea. Nimelijua tangu siku ya pili."

"Malesh," alisema, kama anayempa pole mtu aliyejikwaa. Kisha akaongeza, "Hiyo neno mimi siwezi kusahau."

Akanisimulia. Kambini baba yake alikuwa na kamusi isiyo na jalada. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeisha, watu walikuwa wamezichana kusokotea tumbaku, na iliyobaki ilianzia P. Baba yake, aliyewahi kuwa karani, alimfanya asome ukurasa mmoja kila jioni kwa sauti. Miezi hiyo mzee alikuwa akikohoa, amekonda, na alikataa kwenda zahanati. Aliogopa watu wa kambi wangemtenga yeye na watoto.

"Nikafika kwa hiyo neno. Nikasoma maana yake: kukohoa, mwili kuisha. Nikanyamaza. Mzee akaniambia, soma. Nikasoma. Akasema, hiyo p na h haitamkwi, sema taisis. Halafu akaniambia niende kulala."

Asubuhi binti alikwenda zahanati peke yake. Alikuwa na miaka kumi na moja. Hakujua jina lingine la ugonjwa huo, basi alimwambia tabibu kwamba baba yake ana phthisis. Yule tabibu alimtaka arudie, kisha akamuuliza neno hilo kalitoa wapi. Mchana akaja mwenyewe hadi kwenye hema lao na kikopo cha kupimia makohozi.

"Akapona?" niliuliza.

"Alipona. Alimeza dawa miezi mingi. Alikasirikia mimi wiki moja, halafu khalas. Alikuja kufa hapa Juba, mzee kabisa."

Alisema hivyo huku akitunga uzi kwenye sindano. Nilimuuliza kama angekuja shuleni awaeleze wanafunzi wangu, akasema ana sare sitini za kwaya za kushona kabla ya Pasaka.

Wiki hiyo niliandika herufi zile nne ubaoni. Wanafunzi walipochoka kukisia, niliwapa neno, nikawaambia kwamba mimi nililikataa na fundi cherehani ndiye aliyelijua. Wengine walicheka. Msichana mmoja wa mbele aliuliza fundi huyo alisomea wapi, nikamwambia Uganda, na hilo lilionekana kumtosha.

Mwaka uliofuata mama alihamia Gurei, pembezoni mwa mji, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Nilimsaidia kupakia cherehani kwenye pikipiki ya magurudumu matatu. Mpangaji aliyemfuata alikuwa mtu wa benki, mpole, asiyekaa nje.