Wanataka Nibatizwe Upya kwa Sababu ya Neno Moja

Msimamizi wa ukurasa, nifichie jina, lakini usinibadilishie hata mkato mmoja. Mimi ni mjane wa miaka sabini na mitatu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili wilayani Ngara. Nimefundisha darasa la ubatizo katika kanisa letu kwa miaka mingi kuliko umri wa mchungaji tuliye naye. Jumapili ijayo nitanyang'anywa darasa hilo nisipokubali kubatizwa upya. Nanyi wasomaji, someni hadi mwisho ndipo mniseme.

Chanzo ni miaka ya wakimbizi. Walipovuka mto wa mpakani pale Rusumo, kilima kilichotazamana na nyumba yangu kilijaa mahema katika siku chache. Nilikuwa miongoni mwa wanawake waliowapikia uji, na nilipika kwa moyo. Lakini mahindi ya msaada waliyogawiwa hayaliwi mabichi, na kuni ziliisha. Asubuhi moja nilikuta mikaratusi yote, ambayo marehemu mume wangu aliipanda mwaka tuliooana, imebaki visiki. Niliketi juu ya kisiki kimoja nikawachukia watu wale. Sikulipamba neno hilo wakati ule, na leo silipambi.

Baadhi yao walikuja kusali kwetu, nami nikaombwa niwafundishe Kiswahili ili waweze kutoa ushuhuda kabla ya kubatizwa. Mmoja wao nitamwita Domitila. Tulikuwa rika moja. Alikuwa mcheshi, akikosea l na r na kujicheka mwenyewe kabla hujamcheka. Siku ya ushuhuda alisimama mbele ya kanisa lote akasema, "Mungu alianza na mimi. Atanimaliza."

Katika lugha yake, kama ilivyo katika Kihangaza changu, neno moja hubeba kumaliza na kukamilisha. Katika Kiswahili, anayekumaliza amekuua. Watu wakaguna kwa kicheko. Mimi nilimwelewa vizuri kuliko wote. Ningeweza kumnong'oneza neno sahihi. Badala yake nilisimama nikasema kwa sauti ya darasani, "Acheni, sentensi yake ni sahihi. Walimaliza miti yetu, na Mungu awamalize."

Kanisa lilicheka. Domitila hakucheka. Alirudi kuketi, akakunja kitenge chake magotini, akakikunja tena.

Alibatizwa, nami sikumwomba radhi. Ilipofika siku ya wao kurudi kwao, nilibeba ndoo ya maji na kikombe nikasimama kando ya barabara ya Rusumo. Niliwanywesha wengi, macho yangu yakimtafuta mmoja. Alipita na godoro kichwani. Aliniona, akasimama, akanipa shikamoo kwa mzaha maana tulilingana umri, kisha akasema, "Unaona, Mwalimu? Bado hajanimaliza."

Nilifungua kinywa niombe radhi. Maneno yaliyotoka yalikuwa haya: "Hajanikamilisha. Sema hajanikamilisha."

Alicheka mpaka godoro likayumba. Akanywa maji, akanirudishia kikombe, akaenda zake. Sijamwona tena.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa ubatizo alisema neno lile lile, "atanimaliza", na darasa likaangua kicheko. Niliwanyamazisha nikawaeleza yote niliyowaeleza ninyi. Niliongeza kwamba mpaka leo nikipita kwenye visiki vile moyo wangu huuma, nami humwomba Mungu aendelee kuushughulikia moyo huo.

Habari zilimfikia mchungaji. Alikuja nyumbani, akanisalimu kwa heshima, akanywa chai yangu, kisha akaniambia kwamba mtu aliyeokoka hawezi kubeba uchungu miaka yote hiyo. "Bibi, maana yake ni kwamba ulikuwa hujaokoka. Njoo Jumapili ubatizwe pamoja na waumini wapya, uanze sawasawa. La sivyo, darasa tutampa mwingine."

Nilimuuliza, "Mchungaji, ukikuta kosa katikati ya insha, unachana daftari?"

Alisema kwamba wazee wa kanisa wameshakubaliana. Binti yangu naye ananisihi, "Mama, ingia tu majini utoke, yaishe." Kwake ni maji tu. Kwangu ni kusimama mbele ya watu na kutangaza kwamba kazi yote ambayo Mungu ameifanya ndani yangu ni bure.

Nayo si bure. Wageni wengine walipokuja miaka iliyofuata kutoka upande wa Burundi, mama mmoja aliniomba matawi ya miti niliyoipanda upya. Nilimpa panga kwa mkono wangu mwenyewe, meno yakiwa yameumana. Alipofika tawi la tatu niliingia ndani nisione. Huo ndio ukuaji wangu: matawi matatu. Ni mdogo, lakini mwanamke aliyeketi juu ya kisiki asingetoa hata jani. Nani alimbadilisha, kama si yule aliyeanza naye? Na kama ameshafika hapo na mwanafunzi mgumu kama mimi, atashindwaje na sehemu iliyobaki? Sianzi upya. Yeye hajaacha kazi, mimi nitamwachishaje?

Jumapili nitasimama pale pale aliposimama Domitila, niitamke sentensi yake kama alivyoitamka, na atakayecheka acheke. Baada ya hapo ndipo sijui. Nishaurini: niwakabidhi kitabu cha darasa kwa amani, nikaketi nyuma na washirika wengine, au niende darasani kama kawaida, waje kunitoa wenyewe mbele ya wanafunzi? Shauri la kuingia majini msiniletee. Na sentensi hii msinisahihishe, kwa kuwa kosa lake nalijua kuliko ninyi nyote.

Mungu alianza na mimi. Atanimaliza.