Mshenga Niliyemtuma kwa Mume Wangu

Kule Mtanda, mjini Lindi, wapo wanaosema nimempa mume wangu limbwata. Wanasema haiwezekani mwanamume mwenye akili zake timamu, fundi cherehani anayeheshimika mtaani, amwachie mkewe aende kukaa shamba nusu ya mwaka huku yeye amebaki mjini anapasha kiporo. Mimi nawaacha waseme. Limbwata lingekuwa kazi nyepesi kuliko niliyoifanya.

Wasichana walioolewa karibuni ndio hawaniachi. Wakinikuta peke yangu wananisogelea na kuuliza kwa sauti ya chini, "Shangazi, ulifanyaje?" Nawaambia ukweli, nao wanatazamana kama watu wanaofichwa jambo. Kwa hiyo nimeona niuandike.

Mume wangu ni mshenga. Riziki yake ni kushona, na cherehani yake imekaa barazani kwetu tangu tulipooana, lakini kinachomfanya ajulikane ni kupeleka posa. Kijana wa pale mtaani akitaka kuoa, wazazi wake wanakuja kwetu kwanza. Mume wangu anavaa kanzu, koti na kofia, anakwenda kwa watu asiowajua, anakaa, anaomba maji ya kunywa, anauliza habari za mvua na za wagonjwa, na taratibu anafika kwenye alichotumwa. Ameshatumwa hadi Nachingwea, hadi Kilwa Kivinje. Akishakaa kwenye mkeka wa wenye binti, hata mjomba mkorofi analegea.

Na kazi ya mshenga haiishi siku ya harusi. Wanandoa wakigombana ni yeye anayefuatwa, maana ndiye aliyewakutanisha. Nimepika chai ya wengi waliofika kwetu wamenuniana. Anamsikiliza mmoja, halafu mwingine, haingilii kati, ameinamisha kichwa kama anatafuta sindano iliyoanguka sakafuni. Mwishoni anasema maneno machache, na wale watu wanaondoka wanazungumza. Mimi nikiwa naosha vikombe nilikuwa najiuliza, huyu mwanamume huwa anaishi nyumba gani? Maana mimi nilikuwa sijapata kukutana naye.

Niliyekuwa naishi naye mimi alikuwa na neno moja tu: tutaongea.

Jambo langu lilikuwa hivi. Nimezaliwa Kikole, wilaya ya Kilwa, kwa wakulima. Mama alipofariki alituachia mimi na mdogo wangu wa kike shamba la mikorosho. Mdogo wangu anaishi hapo hapo kijijini, lakini ana watoto wadogo na sehemu yake ya kulima, kwa hiyo sehemu yangu ililala. Nilipokwenda kwenye hitima ya mama ya kutimiza mwaka nikaingia mle shambani, sikufika mbali. Upupu ulikuwa umepanda hadi kwenye matawi, na mikorosho aliyoipanda mama kwa mkono wake ilikuwa imefungamana, jua haliingii. Nilitoka najikuna huku nalia, na watu wakadhani nalia kwa sababu ya upupu.

Nikarudi Mtanda. Watoto wetu wameshakuwa watu wazima, binti wa mwisho ameolewa Masasi, na nyumba ilikuwa kimya. Nilikuwa na biashara yangu ya vitumbua, nayo niliifanya kwa mazoea tu. Naamka, naswali alfajiri, halafu nakaa ukingoni mwa kitanda na siwezi kusema nimeamkia nini. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na mume mwema, paa lisilovuja, watoto wanaopiga simu. Mtu ukiwa na hayo yote unaona aibu kusema huna raha, na ile aibu ndiyo iliyokuwa inanimaliza. Nikiliwaza shamba la mama, hapo ndipo mwili ulipochangamka. Najikuta nimesimama jikoni napanga nianze kupogoa mkorosho upi.

Nilitaka kwenda kukaa kule tangu wakati wa kufyeka hadi korosho ziokotwe, halafu msimu wa mvua nirudi Mtanda. Sikutaka talaka wala ugomvi. Nilitaka radhi yake. Kwetu mwanamke haachi nyumba ya mumewe bila radhi akalala usingizi wa amani, na mimi sikutaka kulima shamba la mama yangu huku moyo unanisuta. Angesema hapana, ningelia siku mbili tatu nikanyamaza. Angesema ndiyo, ningefunga mzigo. Yeye hakusema kitu.

"Tutaongea, mama," ananiambia, na papo hapo anakumbuka kuna suruali ya mtu haijakatwa.

Nikatumia njia tunazozijua wanawake. Nilinunua kanga yenye maneno ya kumlenga yeye kabisa, nikajifunga, nikapita mbele ya cherehani yake kwenda na kurudi. Akasema rangi imenipendeza. Nikampigia simu kijana wetu mkubwa aseme na baba yake. Walizungumza muda mrefu sana, na mwishowe nikagundua wanazungumzia mpira. Basi nikanuna. Kumnunia mwanamume ambaye haoni kama umenuna ni kujichosha bure, na wasichana nawaambia hivyo hivyo. Unanuna, yeye anakula, analala, anaamka mzima, wewe ndiye kichwa kinakuuma. Kama una jambo, liseme kwa mdomo wako, na likishindikana kwa mdomo wako tafuta mdomo mwingine, lakini lisemwe.

Mimi hilo la mdomo mwingine nilifundishwa na mume wangu mwenyewe, bila yeye kujua. Siku hiyo walikuja kijana mmoja na mkewe, ndoa bado changa. Yule binti alikuwa ameomba kwenda kusoma ushonaji na kijana hakuwa amejibu. Mume wangu akamwambia, "Mkeo amekuuliza jambo, mjibu. Umemsimamisha mlangoni, hujamwambia aingie wala hujamwambia aondoke. Huo si uungwana."

Nilikuwa nimesimama na sinia la chai. Mungu ananijua, nilibakiza kidogo nimmwagie.

Lakini nilipokuwa naosha vile vikombe hasira ikapungua na akili ikaja. Mume wangu ana sheria zake za ushenga na anazishika kweli. Mojawapo ni kwamba mshenga akija kwa taratibu, lazima ajibiwe. Unaweza kuomba siku za kufikiri, lakini huwezi kumwambia tutaongea. Nimemsikia akiwafokea watu wazima kwa kuivunja sheria hiyo.

Jirani yetu ni dereva mstaafu wa lori, na posa ya mke aliye naye sasa ilipelekwa na mume wangu. Nilikwenda kwa mkewe kwanza, nikamweleza, akacheka mpaka akakaa chini, halafu alipoona sicheki akaacha. Tukamwita mumewe. Nikamweleza mbele ya mkewe yote niliyotaka yafike. Akakuna kidevu. "Shemeji, mimi sijawahi kutumwa kwenye nyumba ambayo mtumaji yumo ndani," akasema. Lakini alikubali.

Alikuja baada ya alasiri, kavaa kanzu iliyopigwa pasi. Mimi nikajibanza nyuma ya pazia la ukumbini. Mwanamke mwenye wajukuu, nimesimama nyuma ya pazia kama mwari.

"Bwana fundi, leo nimekuja kwa shughuli rasmi," jirani akasema.

Cherehani ikanyamaza. "Karibu sana. Nani anaoa?"

"Haoi mtu. Yaani..." Maneno niliyomfundisha yalimtoka yote, akabaki na yale anayosikia kwenye posa za watu. "Sisi tumeona kuna ua zuri katika nyumba hii."

"Ua gani? Binti zangu wote wameolewa. Pilau ulikula mwenyewe."

"Ua lenyewe ni mkeo," jirani akasema. Nyuma ya pazia nikauma upindo wa kanga. Kisha akajikaza. "Yeye ndiye aliyenituma. Nimetoka kwa mkeo, nimekuja kwako."

Nilichungulia. Mume wangu alikuwa anaangalia pazia, na nadhani aliviona vidole vya miguu yangu. Hapo niliogopa. Ni mtu wa heshima zake. Angeweza kuona nimemvunjia hadhi mbele ya mtaa. Angeweza pia kucheka, na kama angecheka nisingemsamehe mpaka leo. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliinuka, akachukua kofia yake iliyokuwa juu ya vitambaa, akaivaa, akamkaribisha jirani ndani. Akaagiza maji. Niliyaleta mwenyewe, macho chini, nikarudi nyuma ya pazia langu.

Jirani alipoona amepewa heshima ya mshenga, ulimi ukafunguka. Akasema mkeo hakuachi na wala hana hasira nawe. Akasema nyumba imekuwa kubwa kwake tangu watoto waondoke, na mikorosho ya mama yake inakufa kwa kukosa jua, na anaona kama yeye na ile mikorosho wana ugonjwa mmoja. Anaomba radhi yako aende. Ukimnyima atapokea, lakini anaomba umnyime kwa kauli. Mume wangu alimsikiliza ameinamisha kichwa, anatafuta ile sindano yake. Sikuwahi kusikilizwa na mume wangu namna ile, na ilibidi nisikilizwe kupitia kwa dereva wa lori.

"Nimesikia," akasema. "Mwambie aliyekutuma nimepokea. Jibu nitalitoa Ijumaa baada ya swala."

Siku zile za kungoja sitaki zinirudie. Tulikuwa na adabu kama wachumba. Asubuhi ananisabahi, namsabahi. Anakula, anashukuru. Jambo lenyewe hakuna aliyeligusa, maana liko kwa mshenga. Yeye alishona kutwa, na mimi kama kawaida nikamsaidia kuweka vifungo na kukunja pindo za nguo za wateja. Miongoni mwake kulikuwa na koti zito la kaki lenye kola ya kufunga hadi shingoni. Nililiwekea vifungo nikiwa na roho mbaya, natafuta tu cha kusema.

"Mteja huyu ana mikono mifupi," nikasema.

"Ndivyo alivyo."

"Na koti zito namna hii kwa joto la Lindi, ana wazimu?"

"Kidogo," akasema, akaendelea kukanyaga cherehani.

Ijumaa ilipofika nilijua jibu litaletwa na jirani, ndivyo taratibu zinavyotaka. Nikapika, nikakaa uani nikingoja kuitwa kwa mkewe. Nikasikia hodi mlango wa mbele. Nilipotoka nilimkuta mume wangu amesimama nje ya nyumba yake, na kanzu na koti na kofia, na mfuko wa plastiki mkononi.

"Pita basi, kwani mlango umefungwa?" nikamwambia.

"Hodi wenyewe," akarudia.

Ndipo nikaelewa. "Karibu," nikasema, nikampisha.

Hakukaa kwenye kiti chake, alikaa kwenye kile cha wageni. Akaomba maji. Akauliza Kikole kumenyesha vipi mwaka huu, na kama mdogo wangu hajambo, na kama mguu uliokuwa unamsumbua umepona. Nikamjibu yote. Kisha akashika bilauri kwa mikono miwili, akaiangalia.

"Nimetumwa na mume wako," akasema.

"Anasemaje?"

"Anasema alikusikia tangu siku uliyorudi kwenye hitima. Si kiziwi. Anasema aliona akijibu ndiyo, unaondoka. Akijibu hapana, unabaki, lakini unabaki umekaa ukingoni mwa kitanda kama anavyokuona kila alfajiri. Kwa hiyo akaona asijibu. Siku zisogee, uwepo."

Nilifungua mdomo. Akainua mkono, mshenga hakatizwi.

"Anasema anaiogopa nyumba hii jioni, ikiwa na yeye peke yake. Yeye amezoea kuwasemea wenzake, ya kwake hajui yanaanzia wapi. Ndiyo maana amenituma mimi." Akaiweka bilauri chini. "Radhi anakupa. Ya moyoni. Ila amesema usiende mikono mitupu, maana lile shamba lina upupu."

Akautoa mzigo kwenye mfuko. Lilikuwa lile koti la kaki. Nikalivaa pale pale juu ya gauni, na mikono ikanifika kwenye vifundo sawasawa, na kola ikafunga shingo, na vifungo vilikuwa ni vile nilivyoviweka mwenyewe kwa roho mbaya. Nililia. Nililia kama mtoto, mbele ya mgeni.

"Una neno la kumpelekea?" akauliza.

Nilikuwa na maneno mengi, ya miaka, lakini lililotoka ni moja. "Mwambie aje mwenyewe," nikasema.

Akavua kofia, akaiweka mezani. Akainuka kwenye kiti cha wageni, akaja kukaa kwenye kiti chake karibu yangu, na tukaongea mpaka chakula kikapoa.